Rimoti ya Alamu: Namna ya Kuichagua, Kuisajili na Kuilinda

Fundi anapomaliza kufunga alamu, mwenye nyumba huwa ameshauliza kila kitu kuhusu sensa za milango, kamera na king'ora. Kisha anakabidhiwa rimoti mbili ndogo za vitufe vinne, anazitia kwenye pete ya funguo, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi hapo ndipo huwa naanza kusema. Rimoti ndiyo sehemu ya mfumo inayoweza kuunyamazisha mfumo mzima kwa kidole kimoja, na ndiyo inayotoka nyumbani kila asubuhi, ikaachwa juu ya meza ya ofisini, ikadumbukia chini ya kiti cha gari, ikachezewa na mtoto. Ni ufunguo wa nyumba kama ule wa chuma, ila huu mwingine mtu anaweza kuunakili akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Neno moja kabla hatujaendelea. Mafundi wengi husema "kuwasha" na "kuzima" alamu. Hata mimi husema hivyo nikiwa kazini, lakini kwenye maandishi maneno hayo yanachanganya, kwa sababu paneli, yaani lile sanduku kuu linaloongoza alamu, huwa na umeme saa zote. Hapa nitasema kutega, yaani kuuweka mfumo tayari kunasa, na kutegua, yaani kuuondoa katika hali hiyo.

Kilichomo ndani

Fungua skrubu ndogo iliyo nyuma ya rimoti. Utakuta betri, ubao usiozidi upana wa kidole gumba, chipu moja au mbili, na vifuniko vidogo vya vitufe. Tazama ukingo wa ubao: kuna mstari mpana wa shaba unaouzunguka. Huo mstari ndio antena. Kitufe kikibonyezwa, chipu huamka, hurusha mfululizo wa biti, yaani sifuri na moja, kwa mawimbi ya redio, huurudia mara kadhaa ndani ya muda mfupi sana, kisha hulala. Kwa kuwa inalala karibu maisha yake yote, betri moja ndogo hudumu miaka.

Ndani ya biti hizo kuna mambo mawili ya msingi: namba ya utambulisho wa rimoti, na namba ya kitufe kilichobonyezwa. Jina lako halimo. Paneli haijui kama aliyebonyeza ni wewe au ni mtu aliyeiokota njiani.

Wako wanaoipima rimoti kwa kuielekeza kwenye kamera ya simu, wakisubiri kuona mwanga wa zambarau. Hilo hufaa kwa rimoti ya televisheni inayotumia miali ya infraredi. Hii ni ya redio, kamera haitaona kitu hata ikiwa nzima kabisa. Rimoti ngapi zimetupwa kwa kosa hilo, Mungu ndiye ajuaye.

Kabla ya kununua: paneli yako inasikia masafa gani?

Rimoti na paneli lazima zikutane kwenye masafa yaleyale. Mifumo mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, Afrika na Asia hutumia 433.92 MHz, na mingi ya kisasa ya Ulaya iko kwenye 868 MHz. Marekani kuna mchanganyiko wake: 315 MHz kwa vifaa vingi vya bei rahisi, 345 MHz kwa vifaa vya Honeywell vya mfululizo wa 5800, 319.5 MHz kwa vile vilivyokuwa vya GE na baadaye Interlogix, na bendi ya MHz 900 na kitu kwa mifumo mipya. Kwa hiyo rimoti uliyoletewa zawadi kutoka Marekani yaweza kuwa nzuri sana na bado isiongee na paneli yako hata siku moja.

Lakini masafa peke yake hayatoshi, na hapa watu hupoteza pesa. Rimoti mbili za 433.92 MHz zaweza kuwa kama watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja na lugha yake. Mpangilio wa biti, kasi ya kuzituma na namna ya kuzifumba, yaani kuzificha kwa siri, hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Fungua mwongozo wa paneli, tafuta orodha ya vifaa vinavyokubalika, nunua namba ya modeli iliyoandikwa humo. Kama mwongozo umepotea, namba ya modeli imebandikwa ndani ya kifuniko cha paneli. Muuzaji akikwambia "hii inashika zote", mwombe aisajili mbele yako kwenye paneli ya aina kama yako kabla hujatoa mkono mfukoni.

Msimbo: hapa ndipo penye uzito

Msimbo ni ule mfululizo wa biti unaorushwa. Kuna rimoti zinazotuma msimbo uleule kila siku, na kuna zinazobadilisha msimbo kila unapobonyeza. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote utakayoisoma kwenye boksi.

Za msimbo usiobadilika ndizo za zamani na za bei ya chini. Chipu maarufu ya kale ni PT2262. Kwenye ubao wake utaona safu ya vituo vidogo vya shaba, upande mmoja vimeandikwa L na mwingine H, na fundi anatakiwa kuunganisha kwa risasi kila kimoja upande mmoja au kukiacha wazi. Rimoti ya vitufe vinne hubakiwa na vituo vinane vya anwani, kila kimoja kikiwa na hali tatu, hivyo jumla ya misimbo ni 6,561. Si mingi, lakini kibaya zaidi ni kwamba watu hawaibadilishi. Nimewahi kufungua rimoti ya mteja aliyelalamika kwamba alamu yake hujitegua yenyewe jioni. Vituo vyote vinane vilikuwa wazi, visafi, havijawahi kuguswa na chuma cha moto. Jirani wa pili alikuwa amefungiwa na fundi yuleyule, na rimoti yake ilikuwa hivyohivyo. Kila jirani alipofika nyumbani na kutegua ya kwake, alitegua na ya mteja wangu.

Baadaye ikaja EV1527, yenye namba ya biti 20 iliyochomwa kiwandani, yaani uwezekano wa misimbo 1,048,576. Ugonjwa wa jirani umepona, lakini msimbo bado haubadiliki. Anayeunasa mara moja kwa kipokezi cha redio ameunasa milele, na anaweza kuurusha tena saa nane za usiku.

Za msimbo unaobadilika hufanya kazi kwa kuhesabu. Rimoti ina kihesabu ndani yake, paneli nayo ina chake. Kila unapobonyeza, kihesabu hupanda, hufumbwa kwa ufunguo wa siri, na hutumwa. Paneli hufumbua, inaona namba imesonga mbele, inakubali. Namba iliyokwisha kutumika ikija tena, inakataliwa. Mfumo uliosambaa sana wa aina hii ni KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini katika kampuni ya Nanoteq na kununuliwa na Microchip, kampuni ya chipu ya Marekani, mwaka 1995. Ujumbe wake una biti 66: 32 zimefumbwa, na 34 ziko wazi zikiwamo 28 za namba ya rimoti.

Swali ambalo kila mteja huniuliza: je, mtoto akiibonyeza rimoti mara kumi mbali na nyumba, hazitapishana hesabu? Hapana. Paneli huacha nafasi mbele. Katika KeeLoq kwa kawaida namba 16 zinazofuata hukubaliwa moja kwa moja. Kihesabu kikizidi hapo, paneli husubiri mibonyezo miwili inayofuatana, ikiona namba zimekwenda kwa mpangilio inajirekebisha. Hivyo rimoti ikigoma baada ya kukaa mfukoni ikisuguana na funguo, bonyeza, subiri kidogo, bonyeza tena, kabla hujamwita fundi.

Je, msimbo unaobadilika hauvunjiki? Unavunjika kwa mwenye ujuzi na vifaa. Mwaka 2008 watafiti wa Ruhr-Universität Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wa siri wa KeeLoq unaweza kutolewa kwa kupima umeme unaoliwa na chipu. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa Marekani, alionyesha huko Las Vegas kifaa alichokiita RollJam: kinazuia redio ya paneli isisikie, kinanasa msimbo wako wa kwanza, unapobonyeza mara ya pili kinanasa na wa pili, kisha kinarusha ule wa kwanza. Wewe unaona mambo yamekwenda sawa, na yeye amebaki na msimbo mmoja ambao haujatumika. Dawa yake ya nyumbani ni ndogo. Kama mbonyezo wa kwanza umegoma mahali ambapo haujawahi kugoma, sogea karibu na paneli ubonyeze tena mara mbili tatu na uhakikishe imeitikia. Msimbo wowote mpya utakaoifikia paneli huua ile yote iliyotangulia.

Kama unanunua leo, tafuta rimoti za mawasiliano ya pande mbili zenye ufumbaji wa AES (kiwango cha kisasa cha kuficha ujumbe) wa biti 128. Kama huwezi, basi angalau msimbo unaobadilika. Za msimbo usiobadilika ziachie geti la banda la kuku.

Hujui ya kwako ni ya aina gani? Kuna jaribio rahisi. Tafuta zile rimoti za kunakili zinazouzwa kwa ajili ya mageti, za masafa yaleyale. Fuata maelekezo yake, nakili rimoti ya alamu, kisha jaribu kutegua kwa nakala hiyo. Ikikubali, umeshapata jibu, na yeyote mwenye kidude kama hicho anaweza kufanya ulichofanya. Futa nakala hiyo baada ya jaribio.

Inakujibu au inanyamaza?

Rimoti ya upande mmoja hupiga kelele hewani na kuondoka. Kitaa chake kikiwaka maana yake ni moja tu: rimoti imetuma. Hakisemi kama paneli imesikia, wala kama imekubali.

Hili la kukubali ndilo linalowaponza watu. Chukua mfano: dirisha la jikoni limeachwa wazi. Unafunga mlango, unabonyeza kutega, kitaa kinawaka, unaondoka. Paneli imesikia vizuri sana, lakini imekataa kwa sababu kuna eneo lililo wazi. Ndani, kibodi ya alamu, ile ya kubonyezea namba ya siri, inalia tit-tit-tit kulalamika, na hakuna anayeisikia. Unarudi jioni unakuta nyumba haikuwa imetegwa kutwa nzima, kama una bahati ya kugundua. Nina wateja waliokaa miezi hivyo kwa sababu ya sumaku moja ya dirisha iliyolegea.

Ukiwa na rimoti ya pande mbili, paneli hurudisha jibu na kitaa hubadilika rangi au rimoti hutetemeka. Ukiwa na ya upande mmoja, ingia kwenye mipangilio ya paneli uwashe mlio mfupi wa king'ora cha nje. Kwenye mifumo mingi mlio mmoja ni kutega na miwili ni kutegua, ila hakikisha kwenye mwongozo wako. Majirani watalalamika kidogo mwanzoni. Baadhi ya paneli zinaruhusu kupunguza sauti ya mlio huo peke yake, au kutumia taa ya nje badala ya sauti.

Paneli nyingine zina chaguo la kutega kwa nguvu, yaani kuliruka eneo lililo wazi na kutega mengine. Silipendi kwa mlango wa mbele. Kwa dirisha la choo cha juu, sawa.

Kuisajili, hatua kwa hatua

Majina ya menyu hutofautiana, mwendo ni uleule.

1. Kama alamu yako imeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie kwanza uwaambie unafanya majaribio, na wakupe muda. Usipofanya hivyo utawapokea walinzi mlangoni ukiwa na bisibisi mkononi.

2. Tia betri kwenye rimoti na usibonyeze chochote. Andika pembeni namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma, mara nyingi tarakimu sita au saba, wakati mwingine zikichanganyika na herufi. Andika sasa hivi, kwa kalamu, kwenye karatasi. Kibandiko hicho hufutika kwa jasho la mfukoni ndani ya mwaka, na siku rimoti ikipotea utaihitaji namba hiyo.

3. Ingia kwenye hali ya kuprogramu kwa namba ya siri ya fundi au ya msimamizi. Kama paneli yako bado ina namba ya siri iliyotoka nayo kiwandani, acha haya yote uibadilishe kwanza.

4. Chagua kuongeza rimoti. Angalia vizuri neno unalolichagua: rimoti, si sensa. Sensa ya mlango hutuma salamu ya "nipo" kila baada ya muda, na paneli isipoisikia hutangaza kwamba imepotea au imeharibiwa. Rimoti haitumi salamu hizo, na ingetuma zisingefika, kwa kuwa inaondoka nawe. Niliwahi kuitwa kwa mfumo uliokuwa unatangaza hitilafu kila siku ya kazi na kupona wenyewe mwishoni mwa wiki. Mtu alikuwa ameisajili rimoti ya baba wa nyumba kama sensa. Kila alipokwenda kazini, paneli ilimtafuta.

5. Paneli itakuomba ama uandike namba ya utambulisho, ama ubonyeze kitufe ili ijifunze. Njia ya kubonyeza ni ya haraka, lakini simama mita moja au mbili kutoka kwenye paneli, usiigandishe rimoti juu yake. Ukikaribia mno, kipokezi huzidiwa na nguvu ya mawimbi, kama mtu anayepigiwa kelele sikioni. Paneli nyingi hutaka ubonyeze mara mbili ili zihakikishe zimesikia kitu kilekile.

6. Ipe jina la mtu. "Rimoti 3" halitakusaidia. Andika "Amina" au "Mlinzi wa usiku". Kila inapotega au kutegua, jina hilo huingia kwenye kumbukumbu ya matukio pamoja na saa, na siku ya maswali utajua nani alifungua saa ngapi. Kwa sababu hiyohiyo usisajili rimoti mbili chini ya mtumiaji mmoja.

7. Toka kwenye hali ya kuprogramu kabisa, halafu ndipo ujaribu. Paneli nyingi hazitekelezi amri za rimoti zikiwa bado ndani ya menyu, na mtu hudhani usajili umeshindikana.

Kugawa madaraka ya vitufe

Rimoti ya vitufe vinne kwa kawaida huja na kutega yote, kutega sehemu (yaani milango na madirisha pekee, mkiwa mmelala ndani), kutegua, na dharura. Si lazima uikubali hivyo ilivyo.

Kwa mtu anayeingia kufanya usafi na kuondoka, paneli nyingi hukuruhusu kumpa rimoti inayotega bila kuweza kutegua, au inayofanya kazi saa fulani za siku. Kwa ofisi, ni busara kudai kwamba baada ya rimoti kutegua mlango wa nje, chumba cha fedha kibaki kimetegwa mpaka namba ya siri iandikwe kwenye kibodi. Aliyeiba kishada cha funguo anakuwa na kitasa na alamu kwa pamoja, na namba ya siri ndiyo kitu cha pekee kilichobaki kichwani mwako.

Angalia pia muda wa kutoka. Ukitega kwa kibodi ukiwa ndani, unahitaji sekunde 30 au zaidi za kutoka. Ukitega kwa rimoti ukiwa umeshafunga mlango kwa nje, hizo sekunde ni mwanya mtupu. Paneli nyingi zina mpangilio wa kutega papo hapo kwa rimoti. Uutumie, ila tu kama familia nzima imezoea kutega ikiwa nje.

Kitufe cha dharura kinataka uamuzi wa makusudi: kilie kwa sauti, au kipeleke taarifa kimyakimya? Nyumbani, usiku, mtu akiwa anavunja mlango, sauti ni nzuri. Dukani, mtu akiwa amekuelekezea silaha, sauti inaweza kukugharimu maisha. Vyovyote utakavyoamua, weka masharti ya kushikilia kitufe sekunde mbili au tatu, au kubonyeza viwili kwa pamoja. Bila hivyo, kila atakayekalia funguo zake ataita walinzi. Na usikitegemee kitufe hiki kama tegemeo pekee la mgonjwa au mzee anayeishi peke yake, kwa kuwa paneli haina njia ya kujua kwamba betri ya rimoti ilikufa wiki tatu zilizopita. Kwa kazi hiyo kuna vifaa vya kuvaa vinavyotuma salamu za mara kwa mara.

Kupima inafika wapi

Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa uwanjani, hakuna ukuta. Nyumba ni kitu kingine. Zege lenye nondo, mabati, vioo vyenye tabaka la metali na karatasi ya alumini ya kuzuia joto darini, vyote hula mawimbi.

Pima hivi. Weka mfumo kwenye hali ya majaribio, funga milango yote kama inavyokuwa siku ya kawaida, kisha simama pale utakaposimama kweli: getini, kwenye gari lililofungwa vioo, kitandani. Kila mahali bonyeza mara tano. Tano kwa tano, sawa. Nne kwa tano siikubali, kwa sababu leo betri ni mpya na mwakani haitakuwa hivyo.

Ikishindwa, angalia paneli kabla ya kuilaumu rimoti. Kwenye 433.92 MHz, antena ya robo wimbi ni urefu wa sentimita 17 na kidogo. Waya huo mara nyingi fundi huukunja na kuusukumiza ndani ya sanduku la chuma ili kifuniko kifungike vizuri. Utoe nje, unyooke, usimame wima, mbali na nyaya za umeme. Nimeona umbali ukiongezeka maradufu kwa kazi hiyo ya dakika mbili. Halafu tazama jirani zake: kisambaza intaneti, friji, chaja za bei rahisi za taa za LED. Visogeze, upime upya. Kama nyumba ni kubwa, mifumo mingi ina kirudishi cha mawimbi cha kufunga katikati.

Kuna ujanja wa kuishikilia rimoti chini ya kidevu. Unafanya kazi: mwili hushirikiana na antena ndogo na kuongeza hatua kadhaa. Ni wa kukutoa kwenye mvua usiku mmoja, usiishi nao.

Betri

Nyingi hutumia CR2032, ya volti 3. Tarakimu zinajieleza: milimita 20 za upana, milimita 3.2 za unene. CR2025 ni ya upana huohuo na unene wa 2.5, CR2016 ni 1.6. Nyembamba itaingia mahali pa nene na hata kufanya kazi, ila itacheza, itaachia kila rimoti ikianguka, na hudumu kidogo. Rimoti za zamani hutumia 23A ya volti 12, kile kibetri kifupi cha silinda. Ukikipasua utakuta vidonge vinane vimepangwa kimoja juu ya kingine. Lakini usikipasue.

Kuipima betri ikiwa imetolewa kunadanganya. CR2032 iliyochoka inaweza kusoma volti 2.9 ikiwa imepumzika. Iache mahali pake, gusa ncha za mita ya kupimia volti pande mbili, mtu mwingine abonyeze kitufe. Ikiporomoka hadi karibu na 2.4 wakati wa kutuma, imekwisha, hata kama kitaa bado kinawaka. Kitaa hakihitaji nguvu nyingi kama redio.

Kubadilisha: fungua kwa kitu cha plastiki, angalia upande wa chanya kabla ya kutoa ya zamani (piga picha), futa vishikizo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, tia mpya ukiishika kwa kingo. Usajili haufutiki, umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Badilisha za rimoti zote kwa pamoja, maana zilianza pamoja.

Betri ya zamani bandika utepe pande zote mbili na uiweke mbali na watoto mara moja. Hili nalisema kwa sauti ya juu kuliko mengine yote. Betri hizi zikikwama kooni mwa mtoto huunguza nyama ndani ya saa mbili tu, na mtoto anaweza kuonekana mzima mwanzoni. Ukishuku kameza, ni hospitali hapohapo, usisubiri dalili, usimlazimishe kutapika.

Ikigoma

Kitaa hakiwaki kabisa: betri, au vishikizo vimepinda. Kitaa kinawaka hafifu: betri. Kinawaka bila kukoma: kitufe kimenasa kwa uchafu au mpira umelegea, na rimoti hiyo inaziba njia ya wengine wote hewani. Itoe betri kabla ya kufanya lingine. Rimoti moja imegoma na nyingine ni nzima: tatizo liko kwenye hiyo moja, isajili upya. Zote zimegoma kwa pamoja: acha rimoti, nenda kwenye paneli, kipokezi au antena. Zote zimegoma lakini kwa nyakati fulani tu: kuna kitu kinaingilia masafa. Kama paneli ina uwezo wa kutambua kuzibwa kwa redio, hakikisha umeuwasha, kwa sababu kinachoziba chaweza kuwa ni mtu.

Imeanguka majini? Toa betri papo hapo, ifungue, isafishe kwa spiriti, iache siku nzima ikauke. Za maji ya chumvi mara nyingi hazirudi.

Siku ikipotea

Usisubiri kuitafuta kwanza chini ya makochi. Ingia kwenye paneli, tafuta jina lake, ifute. Ikionekana kesho, kuisajili tena ni dakika mbili. Kisha soma kumbukumbu ya matukio kuanzia saa uliyoiona mara ya mwisho, uone kama imetumika. Kama ilikuwa pamoja na funguo, badilisha na vitasa.

Kwenye paneli nzuri unafuta moja na nyingine zinabaki. Kwenye vipokezi vya bei rahisi vyenye kitufe kimoja cha kujifunzia, hakuna namna ya kufuta moja: unashikilia kitufe sekunde kadhaa hadi kumbukumbu yote ifutike, kisha unasajili upya zilizobaki, kila moja, ikiwemo ya yule aliyesafiri. Na kama ni zile za vituo vya L na H, kuifuta haiwezekani kabisa. Itabidi ubadilishe anwani kwa chuma cha risasi, kwenye kipokezi na kwenye kila rimoti iliyobaki.

Fanya hivyohivyo unapohamia nyumba iliyokuwa na alamu tayari. Fungua orodha ya rimoti kabla hujalala humo usiku wa kwanza. Hesabu zilizoandikwa, hesabu ulizokabidhiwa mkononi, na kila iliyozidi kwenye orodha uifute.